Uchafu Uliogeuka Ushahidi: Historia ya Kugunduliwa kwa Protini za G, 1955–2004

1.0 Utangulizi

Seli ya mwili wa binadamu imezungukwa na utando mwembamba wa mafuta ambao homoni nyingi haziwezi kuupenya. Adrenalini inayomiminwa katika damu pale mtu anaposhtuka haiingii ndani ya seli ya ini. Huishia kuugusa utando kwa nje. Hata hivyo, katika muda mfupi sana, ini huanza kuvunja akiba yake ya glaikojeni na kutoa sukari. Swali la namna habari inavyovuka ukuta ambao mleta habari mwenyewe hauvuki liliwashughulisha wanabiokemia kwa sehemu kubwa ya nusu ya pili ya karne ya 20. Jibu linalokubalika leo linataja kundi la protini zilizoshikamana na upande wa ndani wa utando, ziitwazo protini za G kwa sababu hubeba molekuli ya guanosini trifosfeti, yaani GTP. Kipokezi kilichoguswa na homoni huziwasha. Nazo huamsha kimeng'enya kinachotengeneza ujumbe wa ndani ya seli, kisha hujizima kwa kuivunja GTP zinayoibeba.

Katika vitabu vingi vya kiada, historia ya protini hizi husimuliwa kwa aya moja: Martin Rodbell alibashiri, Alfred Gilman akathibitisha, na Tuzo ya Nobeli ya mwaka 1994 ikawaweka pamoja. Masimulizi hayo si ya uongo, lakini yanaficha jambo lililo la msingi. Hatua kadhaa zilizo kubwa kabisa katika historia hii zilitokana na kitu ambacho hakikutakiwa kuwamo katika jaribio: kalisi katika karatasi ya kuchujia, GTP katika chupa ya kemikali nyingine, alumini katika kioo cha neli ya majaribio. Makala haya yanajenga hoja kwamba bahati peke yake haitoshi kueleza mfululizo huo. Waliogundua walitofautiana na waliopitwa kwa uamuzi mmoja, uliofanywa tena na tena: kuuhoji uchafu kabla ya kuufuta. Nyuma ya hoja hiyo kuna swali la ushahidi ambalo wahusika wenyewe walibishania kwa miaka kumi, nalo ni lini kitu kinachojulikana kwa athari zake tu kihesabiwe kuwa kipo.

2.0 Karatasi ya kuchujia na ini lililosagwa

Mwanzo wa habari hii uko St. Louis, Marekani, katika maabara ya Carl na Gerty Cori, mume na mke waliotunukiwa Tuzo ya Nobeli mwaka 1947 kwa kazi yao juu ya glaikojeni. Walikuwa wameonyesha kwamba kimeng'enya kinachovunja glaikojeni katika misuli, fosforilasi, kinapatikana katika hali mbili: hali "a" inayofanya kazi, na hali "b" iliyolala. Hawakufahamu ni nini kinachoibadilisha moja kuwa nyingine.

Edwin Krebs, aliyewahi kufanya kazi kwa akina Cori, alihamia Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, na huko akashirikiana na Edmond Fischer. Walipojaribu kuandaa fosforilasi "a" kutoka katika misuli ya sungura, walirekebisha hatua moja ya utaratibu wa St. Louis. Akina Cori walichuja supu ya misuli kwa karatasi. Fischer na Krebs waliona ni safi zaidi kutumia mashine ya mzunguko wa kasi. Walichopata kilikuwa "b" tupu. Walirudia kwa karatasi, "a" ikarudi. Wakaiosha karatasi kwa asidi kabla ya kuitumia, "a" ikatoweka tena. Karatasi ilikuwa ikitoa chembe za kalisi, na kalisi hiyo, pamoja na ATP iliyokuwamo katika supu, ilikuwa ikikiamsha kimeng'enya kingine kilichobandika fosfeti juu ya fosforilasi. Mwaka 1955 walitangaza kwamba protini inaweza kuwashwa kwa kubandikwa fosfeti. Leo ubandikaji huo unahesabiwa kuwa miongoni mwa njia kuu ambazo seli hutumia kujiendesha, nao uliwapatia wawili hao Tuzo ya Nobeli mwaka 1992, miaka 37 baadaye.

Wakati huohuo Earl Sutherland, naye mwanafunzi wa akina Cori, alikuwa Cleveland akiliuliza ini swali hilohilo kutoka upande wa homoni. Imani iliyotawala ilikuwa kwamba homoni hufanya kazi katika seli nzima tu. Seli ikishavunjwa, homoni haina la kusema nayo. Sutherland na Theodore Rall walilisaga ini na kuona adrenalini na glukagoni zikiendelea kufanya kazi katika rojo hilo. Hapo tena wakataka kusafisha: walizungusha rojo kwa kasi, wakatupa mashapo, wakabaki na maji safi ya juu. Homoni ikanyamaza. Waliporudisha mashapo waliyokuwa wameyahesabu kuwa taka, homoni ikasema tena. Uchunguzi wa hatua kwa hatua ulionyesha kwamba homoni iligusa vipande vya utando vilivyokuwa katika mashapo, vipande hivyo vikatoa molekuli ndogo isiyoharibiwa na moto, na molekuli hiyo ndiyo iliyoamsha fosforilasi. Ilikuwa AMP ya duara, iliyopewa baadaye jina la "mjumbe wa pili". Kimeng'enya kinachoitengeneza kutoka kwa ATP kiliitwa adenilati siklasi.

Katika maandishi ya Rall na Sutherland ya mwaka 1958 mna jambo jingine ambalo halikuvuta macho ya wengi: chumvi ya floraidi iliweza kuiamsha siklasi bila homoni yoyote. Hakuna aliyejua sababu. Floraidi ikaingia katika orodha ya kemikali za kawaida za maabara, ikitumiwa kupima kama siklasi iko hai, na swali la kwa nini likalala kwa miaka 24.

3.0 Mizimu ya seli na chupa ya ATP

Kundi la Sutherland lilidhani kwamba kipokezi cha homoni na siklasi huenda ni pande mbili za kitu kimoja: upande wa nje unapokea, upande wa ndani unatengeneza. Lilikuwa wazo zuri kwa urahisi wake. Aliyelitia shaka ni Martin Rodbell wa Taasisi za Taifa za Afya huko Bethesda. Rodbell alikuwa mtoto wa mwenye duka la vyakula mjini Baltimore, na wakati wa Vita Kuu ya Pili alitumika kama mwendesha redio katika Jeshi la Majini. Ni vigumu kupima uzito wa utumishi huo katika fikra zake za baadaye, na waandishi wengine wameutilia chumvi. Lakini ni kweli kwamba yeye, zaidi ya wanabiokemia wengi wa kizazi chake, alizungumza juu ya homoni kwa lugha ya mitambo ya mawasiliano.

Mwaka 1964 alikuwa ameeleza namna ya kuzitenga seli za mafuta moja moja, na baadaye alipata njia ya kuzipasua na kubaki na maganda yake, ambayo aliyaita mizimu. Mizimu hiyo iliitikia homoni kadhaa tofauti. Kama kila homoni ilikuwa na siklasi yake, basi homoni mbili zilizotiwa kwa pamoja zingepaswa kutoa jumla ya kazi za kila moja. Haikuwa hivyo. Zilionekana kugombea siklasi ileile, ilhali kila homoni ilikuwa na kipokezi chake. Vipokezi vingi, kimeng'enya kimoja: lazima kuwe na kitu katikati. Katika mazungumzo na Oscar Hechter, Rodbell aliufikia mpango wa sehemu tatu aliouazima kutoka katika sayansi ya mitambo inayojiongoza: kitambuzi, kigeuzi na kikuzaji. Kipokezi ndicho kitambuzi, siklasi ndiyo kikuzaji. Kigeuzi kilikuwa, kwa wakati huo, nafasi tupu katika mchoro.

Nafasi hiyo ilianza kujazwa kwa ajali. Rodbell na wenzake, akiwemo Lutz Birnbaumer, walikuwa wakipima namna glukagoni inavyoshikamana na tando za ini. Waligundua kwamba ATP huifanya homoni iachie kipokezi chake upesi. Tokeo hilo lingeweza kuchapishwa jinsi lilivyo, kwani ATP ni nishati ya seli na hakuna ambaye angeshangaa kuikuta kazini. Lakini kiasi kilichohitajika kilikuwa kikubwa mno, nao wakajaribu molekuli za jamii yake. GTP ilifanya kazi ileile kwa kiasi kidogo sana. ATP iliyouzwa kwa maabara za wakati huo ilikuwa imechanganyika na GTP kidogo, na mgeni huyo ndiye aliyekuwa akifanya kazi iliyohesabiwa kuwa ya mwenyeji.

Matokeo ya utambuzi huo yalienda mbali kuliko tando za ini. Kila jaribio la siklasi lililofanywa tangu 1958 lilihitaji ATP kama malighafi ya kimeng'enya. Kwa hiyo kila jaribio lilikuwa limetiwa GTP bila mtu kujua. Ndiyo maana hakuna aliyekuwa ameona kwamba homoni haiwezi kufanya kazi bila GTP: hakuna aliyekuwa amewahi kuiondoa. Kundi la Bethesda lilipotumia malighafi mbadala isiyo na uchafu huo, glukagoni ilishindwa kuiamsha siklasi mpaka GTP ilipoongezwa. Makala zao zilitoka mwaka 1971 katika jarida la kemia ya kibiolojia la Marekani. Mwaka 1974 walionyesha kwamba molekuli inayofanana na GTP lakini isiyoweza kuvunjwa huiwasha siklasi, nayo ikabaki imewaka.

Hapa panahitaji tahadhari. Inasemwa mara nyingi kwamba Rodbell aligundua protini za G mwaka 1971. Alichogundua ni hitaji la GTP. Kwamba hitaji hilo lina mwili wake, protini inayoweza kutengwa na kipokezi na siklasi, lilikuwa bado dai. GTP ingeweza kujishika kwenye siklasi yenyewe, na wapo waliofikiri hivyo kwa sababu nzuri.

4.0 Yerusalemu na sumu ya kipindupindu

Ushahidi wa kwanza kwamba GTP haikuwa tu swichi bali saa ulitoka Chuo Kikuu cha Kiebrania, Yerusalemu. Dan Cassel na Zvi Selinger walitumia chembe nyekundu za damu ya bata mzinga, ambazo hupatikana kwa wingi na zina vipokezi vingi vya adrenalini. Walishuku kwamba siklasi huzimwa kwa kuvunjwa kwa GTP. Tatizo lilikuwa kwamba utando una vimeng'enya vingi vinavyovunja GTP kwa shughuli zisizohusiana na homoni. Walizinyamazisha kelele hizo kwa kemikali inayofanana na ATP, na mwaka 1976 wakaonyesha uvunjaji mdogo wa GTP uliopanda homoni ilipoongezwa. Katika miaka miwili iliyofuata walieleza mzunguko mzima: homoni hufungua nafasi, GDP iliyochakaa hutoka, GTP huingia, siklasi huwaka, GTP ikivunjwa kuwa GDP, siklasi huzimika. Katika mji huohuo Joseph Orly na Michael Schramm walikwisha kuunganisha seli iliyokuwa na kipokezi na siklasi iliyoharibiwa kwa kemikali na seli nyingine iliyokuwa na siklasi nzima bila kipokezi hicho. Seli mseto iliitikia homoni. Kipokezi na siklasi, basi, vilikuwa vitu viwili.

Kama swichi huzimwa kwa kuvunja GTP, ni nini kingetokea uvunjaji huo ukizuiwa? Maumbile yalikuwa yamekwisha kulifanya jaribio hilo, kwa gharama ya uhai wa watu wengi.

Kipindupindu kilifuata njia za majahazi na misafara katika karne ya 19, na pwani ya Afrika Mashariki haikusalimika. James Christie, tabibu aliyemhudumia Sultani wa Zanzibar, alichapisha mjini London mwaka 1876 kitabu kuhusu mlipuko wa ugonjwa huo katika Afrika Mashariki kuanzia 1821 hadi 1872, akitegemea kwa kiasi kikubwa habari alizopewa na wafanyabiashara na wasafiri wa bara. Mlipuko wa 1869 na 1870 aliushuhudia mwenyewe Unguja. Alifuatilia njia za ugonjwa kwa makini ambayo bado inawafaa wanahistoria, ila kuhusu kinachoutoa maji mwili wa mgonjwa hakuna aliyekuwa na jibu siku hizo. Robert Koch alipokitambua kijidudu chake nchini Misri na India mwaka 1883 na 1884, alidhani kina sumu. Lakini sumu hiyo haikuonekana kwa miaka 75. Ni Sambhu Nath De wa Calcutta aliyeonyesha mwaka 1959 kwamba maji yaliyochujwa kutoka kwa bakteria, bila bakteria wenyewe, yanaujaza utumbo wa sungura kwa majimaji.

Katika miaka ya 1960 na 1970 ilijulikana kwamba sumu hiyo huongeza AMP ya duara katika ukuta wa utumbo. Cassel na Selinger walieleza mwaka 1977 kwa njia gani: sumu huzuia uvunjaji wa GTP. Swichi huwashwa na haizimwi. Seli za utumbo humwaga chumvi, maji huifuata, na mgonjwa aliyezidiwa anaweza kupoteza karibu lita moja kwa saa. (Maji ya chumvi na sukari, yaliyojaribiwa kwa wagonjwa wa Dhaka mwaka 1968, huokoa kwa sababu hupitia mlango mwingine wa seli ambao sumu haiugusi, swichi yenyewe hubaki imekwama mpaka seli hizo zibadilishwe na nyingine.)

Kwa wanabiokemia, sumu hiyo ilikuwa zawadi isiyotarajiwa. Ilifahamika kwamba hufanya kazi kwa kuchukua kipande cha molekuli iitwayo NAD na kukibandika juu ya protini. Kama NAD ingetiwa mnururisho, protini lengwa ingejitangaza yenyewe. Mwaka 1978 Cassel na Thomas Pfeuffer wa Würzburg, Ujerumani, walifanya hivyo, na protini yenye uzito wa molekuli wa karibu 42,000 ikapata alama. Pfeuffer alikuwa amekwisha kutenga, kwa kutumia nguzo iliyobeba molekuli jamaa ya GTP, sehemu ya utando ambayo bila hiyo siklasi haikuitikia. Protini iliyokuwa nafasi tupu katika mchoro wa Rodbell sasa ilikuwa na uzito.

5.0 Seli zilizokosewa jina

Alfred Goodman Gilman alizaliwa mwaka 1941 katika nyumba ya famasia: baba yake na Louis Goodman waliandika kitabu cha kiada kilichosomwa na madaktari duniani kote, na mtoto akapewa jina la mwenza huyo. Alisomea Cleveland chini ya Rall, kisha mwaka 1971 akaanza kufundisha Chuo Kikuu cha Virginia. Hakuwa akitafuta kigeuzi. Alitaka kuunda upya, nje ya seli, mfumo wa vitu viwili: kipokezi na siklasi.

Chombo chake kilikuwa seli za saratani ya limfu ya panya, ziitwazo S49. Seli hizo hufa AMP ya duara inapopanda ndani yake. Henry Bourne, Philip Coffino na Gordon Tomkins wa San Francisco walikuwa wamezitumia kuchagua seli chache zilizosalimika, na kwa kuwa hazikutengeneza AMP ya duara hata kwa floraidi, waliamua kwamba zimepoteza siklasi. Wakaziita "cyc hasi", yaani zisizo na siklasi. Vipokezi vyake vilikuwa vizima. Kwa Gilman na Elliott Ross zilikuwa kamilifu: utando wenye kipokezi bila siklasi. Wangeyeyusha utando wa seli nyingine yenye siklasi bila kipokezi, wamimine mchuzi huo juu ya utando wa cyc hasi, na kuona kama viwili hivyo vitazungumza.

Vilizungumza. Jaribio lingeweza kuishia hapo, na makala ingekuwa nzuri. Lakini lilihitaji kidhibiti: mchuzi uliopashwa moto kiasi cha kuua siklasi iliyomo. Kidhibiti hicho kilipaswa kushindwa. Hakikushindwa, mchuzi usio na siklasi hai uliurudishia utando wa cyc hasi uwezo wa kuitikia homoni. Maelezo yalikuwa mawili tu. Ama upashaji moto haukuua kitu, na vipimo vilikataa hilo. Ama seli za cyc hasi zilikuwa na siklasi wakati wote, na walichokosa ni kitu kingine kinachostahimili moto zaidi. Ross na Gilman walichapisha matokeo hayo mwaka 1977. Baadaye ilionekana kwamba manganizi inatosha kuifanya siklasi ya cyc hasi ijidhihirishe. Jina la seli lilikuwa kosa, na linaendelea kutumika hadi leo.

Kuanzia hapo kazi ilikuwa ya kutenga, na ilichukua miaka mitatu ya maini ya sungura. Upungufu wa seli za cyc hasi ulitumika kama mizani: kila sehemu ya mchuzi ilipimwa kwa uwezo wake wa kuziponya. Mwaka 1980 John Northup, Paul Sternweis na wenzao katika maabara ya Gilman walitangaza protini iliyosafishwa. Ilikuwa na kijenzi cha uzito wa karibu 45,000 kilichopokea alama ya sumu ya kipindupindu, na kingine cha 35,000. Cha tatu, kidogo, kilitambuliwa baadaye. Tofauti za majina zilizokuwapo zinafaa kuangaliwa. Kundi la Bethesda liliita kitu hiki N, kwa maana ya nyukleotidi. Pfeuffer alikiita G. Gilman alikiita G/F, kwa GTP na floraidi. Kila jina lilitaja athari ambayo mwenye jina aliipima, na hakuna lililotaja umbo. Ilikuwa baada ya protini kuonekana kama mistari katika jeli ndipo watafiti walipokubaliana juu ya jina moja. Kwa maoni ya makala haya, maafikiano hayo ndiyo tarehe halisi ya kuzaliwa kwa protini za G, kuliko 1971 au 1977.

Protini safi ilileta kitendawili. Floraidi, iliyotumika tangu 1958, ilianza kutenda kwa vigeugeu: ilihitaji magnesi na kitu kingine cha ziada. Kwanza ilionekana kwamba kitu hicho ni ATP. Lakini ATP ilikwisha kuwadanganya watu mara moja, na Sternweis na Gilman hawakuridhika. Waliikuta athari hiyohiyo katika nyukleotidi nyingine za dukani, kisha katika neli za kioo zinazotumiwa mara moja na kutupwa. Mwaka 1982 walitangaza kwamba kilichohitajika ni alumini, iliyoyeyushwa kutoka katika kioo na iliyokuwa uchafu ndani ya chupa za kemikali. Alumini na floraidi huungana kuwa umbo linaloigiza fosfeti ya mwisho ya GTP. Bigay na Chabre wa Grenoble, Ufaransa, walilieleza hilo mwaka 1985. Swali la mwaka 1958 lilikuwa limejibiwa na neli.

Jamii ya protini hizo ilipanuka upesi. Huko Sapporo, Japani, Michio Ui na Toshiaki Katada walitumia sumu ya kifaduro kuifikia protini dada inayoizuia siklasi badala ya kuiamsha. Wachunguzi wa jicho walitambua kwamba transdusini, inayopokea habari ya mwanga kutoka kwa rodopsini, ni ya ukoo huohuo. Na protini hizo zikaanza kuonekana katika miili ya wagonjwa: mwaka 1980 watu wenye ugonjwa wa kurithi ambao miili yao haiitikii homoni ya tezi zinazodhibiti kalisi walionekana kuwa na takriban nusu tu ya kiasi cha kawaida cha protini ya kuamsha. Mwaka 1989 Bourne na wenzake walieleza uvimbe wa tezi ya pituitari unaotokana na protini hiyohiyo iliyokwama katika kuwaka. Mojawapo ya mahali ilipoharibika ni asidi-amino ya 201, arginini, palepale ambapo sumu ya kipindupindu hubandika kipande chake.

Tuzo ya mwaka 1994 ilitolewa kwa Rodbell na Gilman. Kanuni za tuzo huruhusu watatu. Nafasi moja iliachwa wazi, na mtu akisoma makala za Yerusalemu za miaka ya 1976 hadi 1978 ni vigumu asijiulize kuhusu uamuzi huo: mzunguko wa kuwaka na kuzima, ambao leo ndio moyo wa kila mchoro wa protini za G, ulichorwa huko kwanza.

6.0 Usafi uliopita kiasi

Hadi hapa historia hii ni ya vitu vilivyoongezeka bila kutakiwa. Sura yake ya mwisho inahusu kitu kilichopotea. Transdusini iliyosafishwa vizuri huvunja GTP katika makumi ya sekunde. Lakini seli ya jicho huzima mwitiko wake kwa mwanga katika muda ulio chini ya sekunde moja. Lau transdusini ingeachwa kwa kasi yake ya ndani ya neli, kila taswira ingebaki imening'inia juu ya ile inayofuata. Kwa muda fulani iliwezekana kuilaumu neli. Polepole ilikubalika kwamba usafishaji wenyewe ulikuwa umemtupa mshirika.

Mshirika huyo alikuwa amekwisha kuonekana kwa watu wasiochunguza macho. Katika hamira, jeni iitwayo SST2 ilijulikana tangu 1982 kwa sababu ikiharibika seli haziachi kuitikia ishara ya kupandana. Mwaka 1996 Michael Koelle na Robert Horvitz walipata jeni ya mnyoo yenye sehemu inayofanana na SST2, na makundi mengine yakapata nyingi za namna hiyo katika wanyama wenye uti wa mgongo. Binadamu ana zaidi ya 20. Ziliitwa RGS, protini zinazodhibiti mawasiliano ya protini za G. Mwaka huohuo maabara ya Gilman, iliyokuwa imehamia Dallas, ilionyesha kazi yake: huharakisha uvunjaji wa GTP. Ili kuona hufanyaje, mwaka 1997 John Tesmer na wenzake waliigandisha RGS4 ikiwa imeikumbatia protini ya G katika nukta ileile ambapo fosfeti inakaribia kukatika. Nukta hiyo hupita upesi mno kuweza kukamatwa. Waliishikilia kwa alumini na floraidi.

RGS ya jicho, RGS9, ilitambuliwa mwaka 1998 katika maabara ya Theodore Wensel mjini Houston. Miaka sita baadaye ilichapishwa taarifa ya wagonjwa ambao RGS9 yao, au protini inayoishikilia mahali pake, ina hitilafu ya kurithi. Hawakuwa vipofu. Malalamiko yao yalikuwa kwamba wakitoka kwenye kivuli kuingia juani hukosa kuona kwa sekunde kadhaa, na kwamba hupata shida kuona vitu vinavyosogea, kama vile mpira unaochezwa uwanjani.